Raha ya Kwenda Usikotumwa

Mtoto wa Kiwangwa akitumwa dukani huweza kuchelewa kurudi, na akiulizwa sababu, aghalabu hana jibu la kumridhisha mama yake. Amekata njia katikati ya mashamba ya mananasi, akaona kwa mbali mwembe asioujua, akaufuata. Huko hakutumwa. Raha ya michezo ya video ya ulimwengu wazi imo katika kuchelewa huko, na mhudumu wa afya anayeombwa ushauri na mzazi yafaa aielewe kabla ya kutoa katazo.

Katika michezo mingi mchezaji hupewa njia moja. Katika Grand Theft Auto: San Andreas wa mwaka 2004, au The Legend of Zelda: Breath of the Wild wa mwaka 2017, kazi alizopangiwa zipo, lakini zinaweza kungoja. Mlima unaoonekana mbali si picha ya kupamba ukuta, hupandwa. Siri haiko katika ukubwa wa ramani, ingawa ukubwa ndio unaopenda kutangazwa: uwanja mpana usio na kitu huchosha upesi kuliko ua mdogo wenye vichaka. Kinachovuta ni kitu kuonekana nusu, moshi nyuma ya kilima au paa kati ya miti. Breath of the Wild huanza na ramani tupu. Sura ya kila eneo hujitokeza mchezaji akiupanda mnara wake, na kutoka juu huko huchagua mwenyewe pa kwenda. Akianguka, hujaribu tena bila kuvunjika mguu.

Ubongo nao una sehemu yake katika raha hiyo. Mwaka 1971 John O'Keefe alieleza seli za hipokampasi ya panya ambazo huamka mnyama afikapo mahali fulani. Kazi hiyo ilimpatia fungu la Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Hipokampasi hiyohiyo hujenga kumbukumbu. Mwaka 2015 Gregory Clemenson na Craig Stark, wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walionyesha kuwa vijana waliocheza kwa wiki mbili mchezo wenye mazingira mapana ya kupeleleza walifanya vizuri zaidi katika jaribio la kumbukumbu kuliko waliocheza mchezo wa picha bapa. Utafiti ulikuwa mdogo. Kuugeuza dawa ni haraka isiyo na baraka.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2022, ulitumia mchezo wa Sea Hero Quest kwa watu karibu 400,000 wa nchi 38. Waliokulia nje ya miji walikuwa, kwa wastani, hodari zaidi wa kutafuta njia. Kwa hesabu hiyo vijia vya Kiwangwa ni shule. Lakini barabara ya lami ya Bagamoyo hadi Msata imeleta malori na bodaboda, na mzazi mwenye busara humwita mtoto ndani. Aliyeitwa ndani hushika simu. Si haki kusema daima kuwa simu ilimtoa shambani. Pengine shamba lilifungwa kwanza.

Yupo pia ambaye hakuwahi kufunguliwa. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ulioenea sana Tanzania, huonywa dhidi ya baridi, kiu na uchovu mkali. Wenzake wakikimbia, yeye huketi. Kwake, saa moja ya kupanda mlima wa kwenye runinga si upotevu, na anayeamuru anyang'anywe hajauliza anachopoteza.

Hatari zipo. San Andreas ulitengewa watu wazima, na uhuru wake ni pamoja na wa kuua wapita njia. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeutambua ugonjwa wa michezo ya video: kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo kuliko mengine yote, na kuendelea licha ya madhara, kwa kawaida kwa miezi 12. Idadi ya saa peke yake haimo katika vigezo hivyo.

Swali la "anacheza saa ngapi?" libaki basi, ila litanguliwe na jingine, aulizwe mtoto mwenyewe: "Humo huwa unakwenda wapi?" Akishaanza kueleza mto, mnara na pango aliloligundua peke yake, itakuwa rahisi kumuuliza pia kama usiku analala, na kama jana alikwenda shule.