Dola bilioni 190: Namba iliyotikisa Kahama ilikuwa na maana gani?

Kila tukifungua simu kuzungumzia madini, hakosi msikilizaji wa kuuliza: "Zile Noah zetu ziko wapi?" Ni utani wa mwaka 2017, lakini ndani yake kuna swali la msingi.

Julai 2017, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) iliidai kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikiendesha migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi hapa Shinyanga, dola za Marekani bilioni 190. Dai hilo lilifuata zuio la kusafirisha makinikia nje ya nchi na ripoti za kamati za Profesa Mruma na Profesa Osoro. Acacia ilipinga.

Tuiandike namba yenyewe: 190,000,000,000. Ni 19 ikifuatiwa na sifuri kumi. Ukiitafutia vigawo kama darasani, unapata namba tasa tatu tu: 2, 5 na 19.

Ukubwa wake

Ukihesabu dola moja kila sekunde, usiku na mchana, utamaliza baada ya miaka zaidi ya 6,000. Kwa bei ya dhahabu ya wakati ule, karibu dola 1,250 kwa wakia, ni zaidi ya tani 4,700 za dhahabu. Migodi yote ya dunia haifikishi kiasi hicho kwa mwaka mmoja.

Mapato ya Acacia mwaka 2016 yalikuwa takriban dola bilioni 1. Hata ingetoa kila senti iliyoingia, bila kulipa mishahara wala mafuta ya mitambo, ingehitaji karibu miaka 180.

Na Noah? Gawanya kwa Watanzania 44,928,923 wa sensa ya 2012: kila mmoja, hata mtoto mchanga, angepata takriban dola 4,200, zaidi ya shilingi milioni 9 za wakati huo. Ndipo utani ulipozaliwa.

Ndani ya namba

Kodi iliyodaiwa ilikuwa dola bilioni 40. Bilioni 150 zilizobaki zilikuwa riba na adhabu. Yaani katika kila dola tano, karibu nne hazikuwa kodi yenyewe.

Zitazame pia zile sifuri. Namba iliyokaribishwa hadi bilioni iliyo karibu inaweza kupungua au kuzidi halisi kwa dola milioni 500. Mwisho wa mgogoro, Barrick, kampuni mama ya Acacia, ilikubali kulipa dola milioni 300. Kwa hiyo kiasi kilichokubaliwa ni kidogo kuliko kile kinachoweza kupotea katika kukaribisha tu. Ni dola moja kati ya kila 633 zilizodaiwa.

Namba za kufuatilia

Hata hivyo, makubaliano yaliyosainiwa Januari 2020 yalikuwa na zaidi ya "kishika uchumba" hicho. Serikali ilipata hisa asilimia 16 katika kampuni ya Twiga, na ikaafikiwa kwamba faida za kiuchumi za migodi zigawanywe nusu kwa nusu.

Namba hizo ni ndogo na hazisisimui, lakini 16 na 50 zinaweza kukaguliwa kila mwaka. Bilioni 190 ilitufanya tuote Noah. Kwa mkazi wa Msalala au Kahama anayesubiri maji na zahanati, swali lenye faida ni hili: asilimia 16 mwaka huu ilileta shilingi ngapi, na zilikwenda wapi?