Land Rover kuukuu si chuma chakavu, mwenye nayo apige hesabu kwanza

Kuna mali imelala katika mashamba na maboma mengi ya mikoa kama Arusha, Manyara, Kilimanjaro na Iringa, na wenyewe hawaihesabu kuwa mali. Ni Land Rover za zamani: 88, 109 na One Ten. Baadhi bado zinabeba mahindi na maziwa kwenda mnadani. Nyingine ziko juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wakitagia ndani. Wanaokuja kuziulizia ni wa aina mbili: mnunuzi wa chuma chakavu mwenye mizani yake, na dalali anayemtafutia mteja wa mbali, mtu anayekusanya magari ya kale. Wote wawili wanajua wanachonunua. Asiyejua, mara nyingi, ni muuzaji.

Kwanza ifahamike kwa nini gari lililochoka linatafutwa. Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika maonesho ya magari ya Amsterdam, Aprili 30, 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa kikitolewa kwa mgao, hivyo bodi yake ikatengenezwa kwa aluminiamu. Mteja aliyekusudiwa alikuwa mkulima, na injini yake iliweza pia kuzungusha mashine za shambani. Toleo la kwanza liliishia 1958, la pili 1971 na la tatu 1985. Zilizofuata zilikuja kuitwa Defender, na ya mwisho ya umbo lile la zamani ilitoka kiwandani Solihull Januari 29, 2016. Kitu kisichotengenezwa tena hupungua kila mwaka, na kinachopungua hupanda bei. Mwaka huohuo wa 2016 kampuni yenyewe ilianza kufufua magari 25 ya toleo la kwanza ili iyauze kwa wakusanyaji.

Kuna na sababu ya hali ya hewa. Bodi ya aluminiamu haishiki kutu kama bati la chuma, lakini chasisi ni ya chuma. Huko Uingereza barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chasisi. Gari lililozeeka katika nyanda kavu za bara lina bahati ambayo gari la Ulaya halikuipata.

Sheria za huko nazo zinasaidia. Marekani, gari lililofikisha miaka 25 linaweza kuingizwa bila kutimiza viwango vya usalama vya magari mapya. Uingereza, gari lililopita miaka 40 linaweza kusamehewa kodi ya barabara. Kwa maneno mengine, umri ule ule unaoshusha bei ya gari kijijini ndio unaoipandisha ng'ambo.

Hapo ndipo mkulima anapopunjwa. Mwenye mizani huhesabu kilo. Dalali husema gari halitembei, injini imekufa, basi atoe kidogo tu kwa kusaidia. Lakini mkusanyaji halipii mwendo, kwani injini anaweza kuifufua. Analipia mambo matatu: uasili, namba na hati. Anataka kuona kama injini, giaboksi na difu ni zile zilizokuja na gari, kama namba ya chasisi inasomeka, na kama karatasi zinakubaliana na chuma kilichopo. Gari lililofungwa injini ya Isuzu au Nissan linaweza kumfaa sana mwenye shamba, lakini kwa mkusanyaji thamani yake imeshuka. Mwenye injini ya zamani iliyong'olewa asiiuze kwa kilo wala kuiacha gereji. Hata taa, milango na vibao vidogo vya maandishi vya kiwandani ni sehemu ya bei.

Hati ndizo zinazowaponza wengi. Gari limeandikwa jina la babu aliyefariki, na warithi ni wanane. Mmoja akiliuza kimyakimya, mnunuzi makini atakimbia na asiye makini ataleta kesi. Njia iliyonyooka ni familia kumpata msimamizi wa mirathi mahakamani, kisha kadi ya gari ishughulikiwe TRA. Ni usumbufu na nauli, lakini gari lenye hati safi na gari lisilo na hati si bidhaa moja, hata yakifanana kama mapacha.

Hata hivyo, habari za bei kubwa zisimlevye mtu. Desemba 2015 Defender moja iliuzwa mnadani London kwa pauni 400,000. Hiyo ilitengenezwa maalumu kuadhimisha gari la milioni mbili, na fedha zake zilikwenda kwa hisani. Land Rover ya kubebea majani ya ng'ombe si ile. Usafirishaji wa meli, ushuru na matengenezo hutoka mfukoni mwa mnunuzi, naye hupunguza bei kwa kiasi hicho. Anayeng'ang'ania bei ya ndoto ataishia kumwita mwenye mizani.

Wapo wanaosema magari haya ni urithi na yasiuzwe nje. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilionesha jinsi yanavyopendwa, na kauli hiyo ina uzito. Lakini ada ya shule hailipwi kwa urithi uliopandishwa juu ya mawe. Mwenye gari lisilofanya kazi ana haki ya kuliuza, mradi aliuze kwa thamani yake.

Kwa lile linalofanya kazi, hesabu ni nyingine. Mkulima ajiulize: gari hili likiondoka, mazao yatabebwa na nini? Land Cruiser pikapu ni ghali, na gari lililotumika likiagizwa kutoka nje huja na ushuru wake. Nchini Kenya gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane kwa kawaida haliruhusiwi kuingizwa, hivyo lililotoka si rahisi kulirudisha. Achukue bei anayopewa, atoe gharama ya kukodi usafiri kwa misimu miwili au mitatu, ndipo aone kilichobaki. Kama kilichobaki ni kidogo, amekata mguu ili anunue kiatu.

Wenye magari haya hawana haja ya kusubiri serikali. Walio kata moja wafahamiane, waambizane bei walizopewa, wapige picha magari yao na namba za chasisi, na waulize wanunuzi zaidi ya mmoja. Viongozi wa AMCOS na SACCOS waliozoea kutafuta bei ya kahawa na mbaazi wanaweza kuwasaidia katika hili pia. Mauzo yaandikwe, yawe na mashahidi, na kadi isitoke mkononi kabla fedha hazijaingia benki.

Mkulima hauzi gunia la kahawa bila kujua daraja lake. Land Rover iliyoko nyuma ya nyumba nayo ina daraja lake, na wa kwanza kulijua anapaswa kuwa mwenye nayo.