Tamko la Wastaafu wa Tanga Kuhusu Kazi ya Kujitolea



Sisi wastaafu tuliojiunga kwa hiari katika umoja wetu hapa Jijini Tanga, tuliotoka relini, bandarini, kwenye mashamba ya mkonge, hospitalini, mahakamani na shuleni, tumekaa katika mkutano mkuu tukazijadili kazi tunazozifanya bila malipo mitaani kwetu, na tumekubaliana kuyasema hadharani haya yanayofuata. Tunayasema tukielekea Desemba 5, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1985 kwa ajili ya watu wanaojitolea.

Msimamo wetu ni kwamba tutaendelea kujitolea maadamu tuna nguvu. Lakini kujitolea ni kazi. Kunapangwa, kunaheshimiwa na kunawekewa mipaka. Hatutakubali kuitwa kwa ajili ya kujaza viti kwenye shughuli, na hatutakubali kutumiwa kuziba nafasi ambayo kijana aliyesoma anaisubiri kwa mshahara.

Mtumishi wa umma katika nchi yetu anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Ndiyo kusema mtu analala leo akiwa mkuu wa idara, kesho anaamka mzee, bila kupewa hata mwezi wa kujizoeza. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 3 walio katika umri huo, na wengi wao hawana pensheni ya aina yoyote. Kwa hiyo sisi tunaopokea chochote kila mwezi tunajua tulivyobahatika. Ndiyo maana umoja wetu haumuulizi mtu namba ya pensheni. Mvuvi aliyeacha ngalawa kwa sababu ya mgongo ni mstaafu, na mama aliyekaanga mihogo stendi mpaka macho yakapungua nuru ni mstaafu. Wamo, na wana kura sawa na aliyekuwa hakimu.

Yapo madai yetu kuhusu mafao, na hatuyafichi. Mwaka 2022 kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kiliwekwa asilimia 33 kwa mkupuo wa kwanza. Mwaka 2024 Serikali ikapandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani na asilimia 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Hayo yana vikao vyake na tutayasemea huko. Leo tunasemea saa na mikono yetu.

Tuanze na kazi ya kwanza, meza ya kupima presha, kwa sababu ndiyo inayojulikana zaidi. Kila Jumamosi asubuhi wauguzi wastaafu huweka meza chini ya mwembe, karibu na ofisi ya serikali ya mtaa. Vifaa ni kipimo kimoja, daftari la mistari, kalamu na viti vya kuazima. Mtu akifika hapimwi hapo hapo. Anakaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, hakuna kupiga soga. Mkono unawekwa juu ya meza usawa wa moyo, mshipi unafungwa juu ya ngozi, si juu ya shati. Aliyepanda baiskeli kutoka Makorora hadi kwetu anaambiwa apumzike zaidi, la sivyo kipimo kitasoma baiskeli badala ya mtu. Tarakimu zikifika 140 kwa 90 au kupita, anapimwa tena baada ya muda. Zikikataa kushuka, anaandikiwa karatasi yenye tarehe na vipimo vyote viwili, na anaelekezwa kwenye zahanati au Hospitali ya Bombo. Wauguzi wetu hawatoi dawa, hawabadilishi dawa, wala hawamwambii mtu kuwa ana ugonjwa. Hilo ni la daktari. Wanachokifanya ni kumfuatilia: Jumamosi inayofuata daftari linafunguliwa na jina linaitwa. Asiyefika anapelekewa mtu nyumbani.

Wengi wa wauguzi hao walikuwa wasichana wadogo ilipoendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, watu wakikusanyika kuisikiliza redio kwa makundi na kisha kwenda kuchimba vyoo. Na baadhi ya walimu wetu walianza kazi kwa mpango wa UPE, ule wa elimu ya msingi kwa wote, wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Tunaikumbusha historia hii kwa sababu kuna vijana wanaodhani kujitolea kumeletwa na mashirika yenye magari meupe. Kabla ya hapo nchi hii ilifundisha wazazi wake kusoma kwa watu waliojitokeza jioni na taa ya chemli. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na waliokuwa wakishika chaki katika madarasa yale baadhi yao wapo kati yetu, ingawa sasa wanashika fimbo.

Kazi ya pili ni kusoma na watoto. Walimu wastaafu huenda shule ya msingi mara moja kwa juma kuwasaidia watoto wa darasa la pili na la tatu ambao bado wanahangaika na silabi. Mtoto mmoja, kitabu kimoja, dakika ishirini. Mtoto anasoma, mzee anafuata kwa kidole, na akikwama hasahihishwi haraka. Anaachwa alihangaikie neno mwenyewe kidogo. Mwalimu wa darasa lenye watoto wengi hawezi kupata dakika hizo, hata angekuwa malaika. Masharti yetu hapa ni makali na hayana msamaha kwa mtu yeyote: hakuna mwanachama anayebaki na mtoto peke yake, kazi inafanyika mahali pa wazi, mwalimu wa zamu yupo, na hakuna zawadi ya siri kwa mtoto. Mwenye kuyaona masharti haya kuwa ni kumtilia shaka, tunamshukuru kwa nia yake na tunampa kazi nyingine.

Ni katika eneo hilihili ndipo tulipokataa jambo, na tunataka sababu yetu ieleweke. Shule moja ilituomba wastaafu wachukue vipindi vya kudumu, wafundishe, watunge mitihani na kusahihisha, bila malipo, kwa kuwa walimu hawatoshi. Ombi lilitoka kwenye shida ya kweli, na aliyeomba tunamheshimu. Tulikataa. Mitaani kwetu wapo vijana wenye cheti na shahada za ualimu wanaouza vocha na kuendesha bodaboda wakisubiri ajira. Mzee mwenye pensheni akisimama darasani bure, pengo halionekani tena kwenye taarifa, na kijana yule anasubiri mwaka mwingine. Baadhi ya waliokataa kwa sauti kubwa mkutanoni walikuwa wazazi wa vijana hao. Tuko tayari kukaa na mwalimu mpya, kumwonyesha namna ya kuandaa somo na kutuliza darasa la watoto wengi. Nafasi yake hatuichukui.

Msimamo huo unahusu sekta zote. Muuguzi mstaafu asiitwe kushika zamu ya wodi. Fundi mstaafu wa reli amfundishe mwanagenzi kusikiliza chuma kwa nyundo, lakini gari la moshi litengenezwe na mwenye mkataba.

Kazi ya tatu ni ya simu. Uhakiki wa wastaafu sasa unaweza kufanyika kwa simu janja, na tunaipongeza hatua hiyo kwa kuwa imepunguza foleni na nauli. Ila mzee mwenye simu ya kitochi na mtoto wa jicho anahitaji mtu wa kukaa naye. Tunao wanachama wawili watatu waliojifunza kwa wajukuu zao, nao huwasaidia wenzao. Kanuni yao ni moja: simu inabaki mkononi mwa mwenyewe, na namba ya siri haitajwi kwa mdomo hata kwa mke au mume aliyekaa kando.

Tunalisisitiza hilo kwa uchungu, maana matapeli wanatuwinda. Simu inapigwa mchana, sauti ya upole, inakuita kwa jina lako kamili, inajua ulikofanya kazi. Inasema malimbikizo yako yamepatikana, jalada liko mezani, zinahitajika fedha kidogo za kulisukuma kabla ofisi haijafungwa. Mzee anakopa kwa jirani na kutuma. Kisha aibu inamfunga mdomo, na jirani wa pili anapigiwa simu ileile. Tunatamka wazi: mafao hayasukumwi kwa fedha za simu. Ukipigiwa, kata. Ukishatuma, njoo useme siku hiyohiyo, twende pamoja polisi na kwa mtandao wa simu. Hakuna atakayekucheka, wapo waliokuwa wahasibu walioumizwa vilevile.

Kuhusu wanaume wenzetu tuna neno. Wanawake wanajiunga mwezi uleule wanapostaafu, kwa sababu wana mazoea ya vikoba na shughuli za kuzikana. Mwanaume anakaa ndani. Alikuwa na ofisi, wadogo wakisimama akipita, sasa anasikiliza taarifa ya habari mara tatu kwa siku na kugombana na mkewe kuhusu chumvi. Anaona haya kuonekana hana kazi. Mara nyingi tunampata akiwa amekwishaugua, au kiinua mgongo kimekwisha kwenye biashara ya daladala aliyoshauriwa na shemeji. Tunawaomba waajiri wa hapa Tanga watualike tuzungumze na wastaafu watarajiwa mwaka mmoja kabla, siyo siku ya kuwakabidhi baiskeli na saa ya ukutani. Na wake na watoto tunawaomba wamlete baba. Bao lipo, kahawa ipo, na baada ya bao kuna shughuli inayomhitaji. Mzee aliyekuwa mtunza stoo bandarini alikuja kucheza bao tu. Leo ndiye anayetunza daftari letu la vifaa, na hakuna kiti kinachopotea.

Sasa tunageukia viongozi.

Tunaomba tualikwe kwa adabu. Umekuwa mtindo kwamba kila mgeni akija, wazee wanaitwa usiku kwa simu, wafike asubuhi, wavalishwe fulana, wakae juani kwa saa nne wakimsubiri, kisha wapigwe picha na kurudi kwa miguu. Kuanzia sasa tutakwenda kwenye shughuli tuliyoelezwa mapema, yenye kivuli, maji na choo, na ambayo mzee anapewa nafasi ya kusema. Tukiitwa kinyume cha hapo tutaomba radhi na kubaki na kazi zetu.

Tunaiomba Halmashauri itenge fungu dogo la nauli na vifaa kwa ajili ya watu wanaojitolea katika kata. Sheria inaelekeza asilimia 10 ya mapato ya ndani iwe mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazee hawatajwi. Hatuwanyang'anyi vijana na akina mama mgao wao, na hatuombi mkopo. Tunaomba betri za kipimo cha presha, miwani ya kusomea, na nauli ya bajaji kwa muuguzi wa miaka 70 anayemfuata mgonjwa Pongwe. Hatuombi posho ya vikao. Anayetaka posho tumemwambia kwamba umoja huu si mahali pake.

Tunaomba pia mabaraza ya wazee ya kata yaitwe wakati wa kupanga, kabla mambo hayajaamuliwa. Daftari letu la Jumamosi linaonyesha mitaa ambayo watu wanakatiza dawa mwisho wa mwezi. Afisa wa afya angelisoma kwa nusu saa angejua pa kuanzia. Tuko tayari kumfungulia, majina yakiwa yamefunikwa.

Kwetu sisi wenyewe, mkutano umeazimia mambo ambayo kila mwanachama anafungwa nayo. Hakuna atakayetumia kazi ya umoja kufanya kampeni za chama cha siasa au kuvuta watu kwenye dini yake. Hakuna atakayekusanya mchango bila stakabadhi. Mapato na matumizi yatabandikwa ukutani kila robo mwaka, yakiwa yameandikwa kwa herufi kubwa ili wenye macho hafifu wasome bila kuomba msaada. Na anayechoka aseme amechoka. Tumewahi kuwazika wenzetu waliokuwa wakihudumia wagonjwa huku wao wenyewe hawajapimwa. Tangu hapo anayepima wenzake hupimwa wa kwanza.

Ndugu mstaafu unayesoma au kusomewa tamko hili, hatukuulizi ulikuwa na cheo gani. Njoo Jumamosi kabla ya saa tatu asubuhi, sema unachokijua kukifanya na siku unazoweza, na ukiwa huna nauli mwambie mjumbe wako wa mtaa tukufuate. Kipimo tunacho kimoja, na wauguzi wanaokijua ni wachache kuliko wanaokisubiri.

Tamko hili limetolewa Tanga na Kamati ya Utendaji kwa niaba ya mkutano mkuu wa wanachama.