Kiyunani na Mwanafunzi wa Kiswahili

Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika somo la historia ya Kiswahili hulikuta jina la Periplus, mwongozo wa Bahari ya Eritrea. Hulinakili daftarini, hulitaja katika mtihani, kisha akaendelea na mengine. Wachache mno miongoni mwetu wameusoma mwongozo wenyewe. Ndiyo sababu nashikilia kwamba ustaarabu wa Wayunani na Warumi si anasa ya idara nyingine; ni wajibu wetu pia.

Mwandishi wake hajulikani. Aghalabu wataalamu humchukulia kuwa mfanyabiashara wa karne ya kwanza, mkazi wa Misri iliyotawaliwa na Warumi, aliyeandika kwa Kiyunani. Anaitaja Rhapta, bandari ya mwisho ya Azania, na kueleza kwamba imeitwa hivyo kutokana na vyombo vyake vya kushonwa. Msomaji aliyewahi kusikia habari za mtepe hana budi kusisimkwa hapo! Anataja pia pembe za ndovu, pembe za faru na ng'amba, pamoja na mikuki iliyofuliwa Muza, huko Uarabuni.

Kisha anasema jambo linalotuhusu zaidi: manahodha Waarabu waliotumwa Rhapta waliwazoea wenyeji, walioana nao na waliifahamu lugha yao. Lugha ipi? Hasemi. Neno alilotumia ni fone, ambalo kwa Kiyunani ni sauti na vilevile ni lugha. Hata hivyo, mara ngapi tumeandika kwamba Periplus inathibitisha kuwa Kiswahili kilizungumzwa pwani katika karne ya kwanza? Mimi mwenyewe niliandika hivyo katika mtihani, nikatuzwa alama. Laiti ningaliisoma sentensi hiyo moja tu, nisingalithubutu.

Wapo watakaodai kwamba huku ni kurejea kwenye kasumba ya kikoloni. Sikubaliani nao. Tunajifunza hati ya Kiarabu ili tuzisome tendi kongwe, wala hatuoni haya. Kwa sasa Rhapta yetu tunaiona kwa macho ya mfasiri wa Kiingereza. Mfasiri akiteleza, nasi tunateleza naye. Huo ndio utegemezi ninaouchelea.

Kazi yenyewe si kubwa kama inavyodhaniwa. Mwongozo wote una sehemu 66, na Azania imeelezwa katika sehemu ya 15 hadi ya 18 pekee. Kiyunani chake hakiko mbali sana na kile cha Agano Jipya, ambacho hufundishwa katika masomo ya thiolojia humu nchini. Idara moja ikimwalika mhadhiri wa thiolojia kwa muhula mmoja, wanafunzi kumi wanaweza kuzifasiri sehemu hizo nne moja kwa moja kwa Kiswahili, na jarida hili likazichapisha. Baadaye tumgeukie Ptolemy wa karne ya pili, ambaye naye anaitaja Rhapta.