MWALIKO NI DHAMANA

Kila mwezi wa Januari hukutanishwa mjini London wachezaji 16 wa snuka, wote wa kulipwa, ili kugombea kombe la mashindano yaitwayo Masters. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1975, na tangu 2012 makao yake ya kawaida yamekuwa jumba la Alexandra Palace. Wachezaji hao hawaingii kwa kujiandikisha wala kwa kupitia michujo, wanaalikwa. Wanaoalikwa ni wale waliomo katika nafasi za juu kabisa za orodha ya ubora wa dunia, na ushindi wanaoupata pale hauwaongezei chochote katika orodha hiyo. Kinachogombewa ni fedha, ambazo kwa mshindi wa mwaka 2025 zilifikia pauni 350,000, pamoja na heshima ya kuhesabiwa miongoni mwa mabingwa.

Baadhi ya ndugu zetu askari watauliza: mchezo wa mezani wa Waingereza unatuhusu nini sisi? Twajibu kwamba mchezo huu ulizaliwa kambini. Mwaka 1875, huko Jubbulpore katika India, afisa kijana wa jeshi la Uingereza aitwaye Neville Chamberlain, ambaye siye yule waziri mkuu wa jina hilo, aliongeza mipira ya rangi katika mchezo wa biliadi uliokuwa ukichezwa katika mesi ya maofisa. Siku hizo neno "snooker" lilikuwa jina la kejeli walilopewa makuruta wa mwaka wa kwanza katika chuo cha maofisa cha Woolwich. Afisa mwenziwe alipokosa mpira rahisi, Chamberlain alimwita kwa jina hilo. Kisha, ili kumpoza, akasema kwamba katika mchezo ule mpya wote walikuwa makuruta. Jina likaganda. Afisa huyo alipanda vyeo, na tangu 1900 hadi 1916 alikuwa Inspekta Mkuu wa polisi wa Ireland chini ya utawala wa Waingereza. Basi mchezo huu una nasaba ya jeshi na ya polisi pia.

Meza yake ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, na juu yake huwekwa mipira 22. Mipira myekundu ni 15, kila mmoja pointi moja. Ya rangi nyingine ni sita, kuanzia wa manjano wenye pointi mbili hadi mweusi wenye pointi saba. Na mmoja ni mweupe, ambao ndio pekee unaoruhusiwa kugongwa kwa fimbo. Mchezaji hutumbukiza mwekundu, kisha wa rangi, kisha mwekundu tena, naye akikosa hukaa kitini na kumwachia mpinzani wake meza. Hapo hana la kufanya ila kungoja. Asiyejua kutawala hasira yake hawezi kuudumu mchezo huu.

Lakini lililo kubwa zaidi ni desturi moja ya wachezaji wenyewe. Ikiwa ukosi wa mkono wa shati umegusa mpira kidogo tu, na mwamuzi hakuona, na mpinzani hakuona, mchezaji hutarajiwa kusimama na kulitangaza kosa lake yeye mwenyewe, hata kama litamgharimu ushindi. Heshima yote ya mchezo imejengwa juu ya msingi huo.

Historia ya Masters inayo mengi ya kumfunza mpiganaji. Katika fainali ya mwaka 1991 Stephen Hendry aliachwa nyuma fremu 7 kwa bila, kisha 8 kwa 2, na mpinzani wake Mike Hallett akibakiwa na fremu moja tu ya kumaliza kazi. Hendry hakutupa silaha. Alishinda 9 kwa 8. Paul Hunter alitwaa kombe hilo mara tatu, mwaka 2001, 2002 na 2004, na kila mara alishinda 10 kwa 9 baada ya kuachwa mbali. Maradhi ya saratani yalimchukua mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 27, na leo kombe lenyewe linaitwa kwa jina lake.

Sasa na tulitazame jambo linalotuuma. Mwaka 2021, mashindano yalipochezwa mjini Milton Keynes bila watazamaji kwa sababu ya ugonjwa wa korona, bingwa alikuwa kijana wa Kichina mwenye umri wa miaka 20, Yan Bingtao, aliyemshinda John Higgins 10 kwa 8. Ulimwengu wa snuka ulimpigia makofi. Haikupita miaka miwili akasimamishwa kucheza, na mwezi wa Juni 2023 ikatangazwa kwamba wachezaji kumi wa Kichina wameadhibiwa kwa makosa ya kupanga matokeo ya mechi na kuchezea kamari mchezo wao wenyewe. Wawili walifungiwa maisha. Yan alifungiwa miaka mitano, hadi Desemba 2027.

Wako wanaosema kwamba askari hupokea rushwa kwa sababu ya dhiki, na kwamba mshahara ukiongezwa rushwa itakoma. Hatuidharau dhiki ya askari. Tunaijua, maana tunakula nayo sahani moja. Wakuu wana wajibu wa kuhakikisha kwamba mshahara unafika kwa wakati na kwamba nyumba za kambini zinakalika. Lakini kijana huyu alikuwa amepokea pauni 250,000 kwa ubingwa ule mmoja. Fedha hazikumlinda. Kinachomlinda mtu ni mpaka aliouweka moyoni mwake kabla mshawishi hajabisha hodi, kwani akingoja mpaka noti imekwisha wekwa kiganjani ndipo afikiri, amechelewa.

Katika kesi hiyohiyo alikuwamo pia Zhao Xintong. Yeye hakupanga matokeo ya mechi zake mwenyewe. Kosa lake lilikuwa kushirikiana na mwenziwe aliyepanga, na kucheza kamari. Askari wengi wangesema, "Mimi sikuchukua kitu, niliyechukua siye mimi." Sheria ya mchezo haikumsikiliza hivyo, wala sheria yetu isimsikilize yeyote hivyo. Anayesimama kizuizini barabarani na kugeuza uso wakati mwenziwe akipokea bahasha, naye amepokea.

Hata hivyo Zhao alikiri mapema, akapunguziwa adhabu hadi miezi 20, akaitumikia yote. Mwezi wa Mei 2025 alikuwa bingwa wa dunia, wa kwanza kutoka China. Hapa pana funzo kwa makamanda. Adhabu iwe kali na iwe ya hakika, lakini anayekiri mapema afunguliwe njia ya kurudi, na anayetoa taarifa juu ya ushawishi alindwe asigeuzwe adui wa kikosi. Pasipo njia hiyo askari atakayeteleza mara moja ataendelea kuteleza, maana hatakuwa na pa kurejea.

Ndugu askari, sare tuliyovaa hatukuinunua dukani. Tumeipewa na wananchi, na vijana wengi walioitamani walirudishwa nyumbani siku ya usaili. Nasi pia tumealikwa. Mchezaji wa snuka anayeuza fremu moja huwadhulumu watazamaji waliolipa kiingilio. Polisi anayeuza jalada la kesi humdhulumu mjane aliyekuja kutafuta haki, na mwanajeshi anayeuza mafuta ya gari humwacha mwenziwe amekwama mstari wa mbele.

Doria ya usiku na zamu ya kizuizini hazina mwamuzi mwenye glavu nyeupe wala kamera ya televisheni. Huko ndiko askari anakopaswa kulitaja kosa lake mwenyewe kabla halijatajwa na mwingine. Atakayeliweza hilo atakuwa ameustahili mwaliko wake.