Kabla ya Kuivalisha Vitz Yako Karboni

Umeuza mbuzi sokoni Oldonyiro na unataka kupamba Vitz yako. Ni haki yako, na stika ya karboni inapendeza kweli kwa boneti na paa. Lakini fundi mara nyingi yuko Isiolo mjini au Nairobi, na anataka pesa kabla hajaliona gari. Hapo ndipo tuna neno.

Maoni yetu: usitume zote kwa mpigo. Karboni hii ni plastiki yenye mchoro tu. Ile duni hupauka haraka juani, na ikibandikwa juu ya vumbi huanza kubanduka pembeni. Hayo huyaoni kwa picha ya simu. Lipa kwanza pesa ya stika, salio ulipe ukishalikagua gari. Tuma kwa nambari ya biashara, soma jina kabla ya kukamilisha malipo, na usifute ujumbe: ndio risiti yako mkikosana. Mbuzi wameshaenda, pesa nayo ikipotea, boma limepata hasara mara mbili.

Ukibadilisha rangi ya gari lote, wajulishe NTSA ili logbuku ilingane. Ada hulipwa eCitizen, Paybill 222222, si kwa simu ya broka.