Je, upo ulimwengu mwingine usio na majuto?

Wiki iliyopita, baada ya swala ya Isha, baba mmoja wa jamaa zetu alibaki msikitini nikiwa nafunga daftari la michango. Mwanawe mdogo alifariki mwaka jana kwa homa, na tangu hapo hajaacha kujilaumu kwamba alichelewa kumpeleka hospitali. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ustadhi, kijana wangu mkubwa aniambia wanasayansi wamethibitisha kuwa upo ulimwengu mwingine ambamo nilimuwahisha mtoto, naye yu hai. Ni kweli?"

Swali hilo lastahili jibu la kweli, si jibu la kumnyamazisha mtu.

Fizikia ya kwanta huchunguza vitu vidogo mno, kama atomi na elektroni. Hesabu zake hazisemi kwamba elektroni ipo hapa au pale; hueleza hali zote mbili kwa pamoja, kila moja na uwezekano wake. Lakini tukipima, twapata jibu moja tu. Mwaka 1935 Erwin Schrödinger, mwanafizikia wa Austria, aliudhihirisha utata huo kwa mfano wa paka aliyefungiwa sandukuni pamoja na sumu inayongoja atomi ivunjike. Kwa mujibu wa hesabu, kabla sanduku halijafunguliwa, paka yu hai na pia amekufa.

Majibu mengine yako wapi? Niels Bohr wa Denmark na wenzake waliona kwamba yatupasa kusema juu ya kilichopimwa tu. Mwaka 1957 Mmarekani Hugh Everett, katika tasnifu yake ya udaktari huko Princeton, alitoa rai nyingine: hakuna jibu linalopotea. Yote hutokea, na mpimaji mwenyewe hugawanyika pamoja nayo, kila tawi likiwa na jibu lake. Hapo ndipo lilipochipuka wazo la ulimwengu sambamba.

Je, limethibitishwa? La. Rai hizo mbili hutoa matokeo yaleyale ya vipimo, na hadi leo hapana jaribio lililozitenganisha. Ndiyo maana wanafizikia wenyewe huziita tafsiri. Anayesema "wamethibitisha" ameongeza neno ambalo wenye elimu hawakulisema. Naye anayesema ni hekaya za sinema amekosea pia, kwani wapo wanafizikia makini wanaoiunga mkono rai ya Everett.

Wapo pia ndugu zetu wanaokimbilia kusema kwamba jambo hili limo ndani ya Suratul-Fatiha, Mwenyezi Mungu anapoitwa Mola wa walimwengu wote. Wafasiri wamelieleza neno hilo kwa aina za viumbe: watu, majini, malaika na wengineo. Tukilifunga na nadharia ya Everett, na kesho wanafizikia wakaiacha, tutasema nini?

Nilimweleza baba yule hayo yote, kisha nikamwambia: "Mzee wangu, hata kama Everett alipatia, nadharia yake haikuondolei mzigo. Kama yapo matawi, huenda limo lile ambamo ulimuwahisha mtoto, na bado akafariki. Nawe uliye hapa ungebaki hapa, wala hapana njia ya kuvuka."

Mtume (s.a.w.) alitukataza kuifuata "lau" baada ya jambo kupita, kwani humfungulia shetani mlango. Baba yule alikuwa akiipita "lau" hiyo kila usiku, na sayansi isiyothibitishwa ilikuwa imempa mlango wa pili. Mwanawe mkubwa alikusudia kumliwaza, na nia yake ni njema. Lakini faraja isiyo na ukweli haidumu.

Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza iwapo madrasa bado yahitaji mikeka, kwa kuwa mtoto wake alisoma pale. Nikamjibu kwamba yahitaji.